Mkaguzi akishatoka gerezani, aliyeongea naye anabaki na nani?

Mwishoni mwa 1992 wakaguzi wa Kamati ya Ulaya ya Kuzuia Mateso waliingia makao makuu ya polisi pale Ankara, Uturuki, na kwenye chumba kimoja ambacho kibao chake kilisema ni chumba cha mahojiano wakakuta kitanda kifupi cha chini, mfano wa machela, kina mikanda minane, minne upande huu na minne upande ule. Kitanda peke yake kinaweza kuwa kitanda tu. Ila hawa wakaguzi walikuwa wameshaongea na watu waliowahi kushikiliwa, na watu hao walikuwa wameeleza kitanda cha namna hiyo hiyo, kwamba ndo walichofungwa juu yake wakati wanapigwa shoti za umeme, na maelezo yakakaa juu ya kile kitanda kama mfuniko kwenye sufuria yake. Wahusika walipoulizwa kinafanya nini mle hakukuwa na jibu la kueleweka. Desemba hiyo hiyo kamati ikatoa tamko la hadharani, la kwanza kabisa tangu ianzishwe.

Nimeanza na hiki kitanda kwa sababu watu wengi wakisikia ukaguzi wa magereza picha inayowajia ni ya wakubwa wanapitishwa uani, wafungwa wamepangwa mistari, kuta zinanuka rangi mbichi, alafu mgeni anasaini kitabu na kuondoka. Hiyo ni ziara, na ziara na ukaguzi ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwenye ukaguzi unasikia kwanza, ndo unaenda kutafuta ulichosikia. Sasa kama kazi inaanzia kwenye kusikia, maana yake inaanzia kwa mtu aliyekubali kufungua mdomo, na huyo mtu jioni ikifika geti linafungwa yeye akiwa ndani na wewe ukiwa nje. Mimi naona kazi nzima ya kuongoza ukaguzi huru, sheria zake, pesa zake, ubishi wake wote, ukiifuatilia mpaka mwisho inaishia kwa huyo mtu, na ndo maana nataka tuipitie kwa kutumia yeye.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Mkaguzi huru hana rungu. Hawezi kumtoa mtu ndani, hawezi kumfukuza mkuu wa gereza, hawezi kusaini oda ya magodoro. Kanuni za Nelson Mandela, yaani vile viwango vya chini vya Umoja wa Mataifa vya kuwatendea wafungwa ambavyo vilipitishwa upya Desemba 2015 vikapewa jina la mzee aliyekaa ndani miaka 27, zina kanuni 122, na kanuni ya 83 inasema ukaguzi uwe wa aina mbili. Kuna ule wa ndani unaofanywa na idara yenyewe ya magereza, ambao unaangalia kama amri zinafuatwa, stoo iko sawa, funguo ziko sawa, na kuna ule wa nje unaofanywa na chombo kisicho chini ya idara hiyo. Kanuni ya 84 ndo inataja mkaguzi anapewa nini. Anapewa kuona takwimu zote na mafaili, kuchagua mwenyewe gereza la kwenda ikiwemo kwa kushtukiza, kuchagua mwenyewe mfungwa wa kuongea naye, kuongea naye faragha, na kutoa mapendekezo. Basi. Ukisoma haraka unaweza kudharau, lakini angalia neno kuchagua linavyojirudia. Anayechagua mlango na anayechagua mtu ndo anayeshika ukaguzi, na mkuu wa gereza akikuchagulia hata kimoja kati ya hivyo viwili basi ujue unaangalia alichotaka ukione.

Wazo lenyewe sio jipya. Mwaka 1773 Mwingereza mmoja, John Howard, alipewa cheo cha sherifu wa mkoa wa Bedfordshire, cheo ambacho wenzake wengi walikichukulia cha heshima tu, yeye akaenda kweli kuangalia magereza yaliyo chini yake. Akakuta watu walioachiwa huru na mahakama bado wako ndani, kosa lao ni kushindwa kulipa ada ya mlinzi wa jela, kwa sababu walinzi walikuwa hawalipwi mshahara, wanaishi kwa kuwachaji wafungwa. Akauliza mikoa ya jirani wanafanyaje, akakuta ni hivyo hivyo, akaendelea kuzunguka kwa farasi, anapima vyumba, anahesabu watu, anaandika ada zote, na mwaka 1777 akachapisha kitabu kizima kuhusu hali ya magereza. Kuna kitu alikieleza ambacho kwangu hakitoki kichwani. Anasema harufu ya mle ndani ilikuwa inaingia kwenye kurasa za daftari lake mpaka inabidi alitandaze mbele ya moto saa moja au mbili ndo aweze kulitumia tena. Alikufa mwaka 1790 huko Kherson, mji ulio Ukraine ya leo, kwa homa aliyoipata akiwa kwenye kazi hizo hizo za kuangalia wagonjwa na wafungwa.

Howard alikuwa na kitu kimoja ambacho wakaguzi wengi wa leo bado wanakipigania, alikuwa na pesa zake mwenyewe. Hakuwa anasubiri mtu amsainie posho ya safari. Tutarudi hapo.

Kutoka kwa mtu mmoja na farasi mpaka mfumo wa dunia ilichukua karne mbili. Msalaba Mwekundu walishaanza kutembelea mateka wa vita toka Vita ya Kwanza ya Dunia, na baadaye wafungwa wa kisiasa, na waliingia kisiwa cha gereza cha Robben, Afrika Kusini, mwaka 1964, lakini wao waliingia kwa makubaliano na serikali na ripoti zao ni siri kati yao na serikali. Miaka ya 1970 Mswisi mmoja, Jean-Jacques Gautier, ambaye kazi yake ilikuwa benki, akaja na wazo kwamba mfumo wa ziara za Msalaba Mwekundu uchukuliwe ufanywe sheria ya kimataifa, nchi isaini kabla hakijatokea chochote kwamba wakaguzi wataingia muda wowote mahali popote watu wanaposhikiliwa. Ulaya wakalichukua wakaweka mkataba wao mwaka 1987, na huko ndo ilikotoka ile kamati ya kitanda. Umoja wa Mataifa ukafuata Desemba 2002 na Itifaki ya Hiari ya Mkataba dhidi ya Mateso, ikaanza kufanya kazi Juni 2006, na leo ina nchi wanachama zaidi ya 90. Itifaki hii ina ngazi mbili. Juu kuna kamati ndogo ya watu 25 inayozunguka dunia, chini kila nchi mwanachama inatakiwa iwe na chombo chake cha kitaifa kinachokagua mwaka mzima. Na mimi nadhani hicho cha chini ndo cha maana zaidi, maana watu 25 wakija kwako leo wanaweza wasirudi kwa miaka mingi, na mfungwa aliyeongea hawezi kusubiri miaka.

Halafu neno gereza lenyewe lisikubane. Itifaki inasema mahali popote ambapo mtu hawezi kutoka kwa hiari yake. Selo za polisi, vituo vya wahamiaji, wodi za magonjwa ya akili zinazofungwa, mahabusu za watoto, hata gari linalobeba mahabusu kwenda mahakamani. Wakaguzi wa Ulaya wamekuwa wakisema miaka yote kwamba hatari kubwa ya kupigwa na kutishwa iko kwenye saa za mwanzo baada ya kukamatwa, kwa hiyo kiongozi wa ukaguzi anayeenda magereza makubwa tu na kuacha vituo vidogo vya polisi anaacha nyuma sehemu mbaya kuliko zote.

Sasa tuingie getini. Kiongozi mzuri anaanza kazi kabla ya geti kwa kupanga timu, na hapa ndo wengi wanakosea kwa kujaza wanasheria watupu. Lazima awepo daktari anayeweza kuangalia alama ya mwilini akasema hii ya kamba na hii ya kuanguka, lazima wawepo wanawake, maana kuna mambo mfungwa wa kike hatamwambia mwanaume hata umpe wiki nzima, na kama lugha ni tofauti mkalimani asiwe mtumishi wa gereza wala mfungwa mwenzake. Mkifika mnaomba vitu viwili haraka, idadi ya watu ya asubuhi hiyo na ramani ya jengo lote, alafu wakati mkuu wa gereza bado anataka kuwakalisha ofisini awaelezee historia ya gereza tangu lijengwe, nusu ya timu inakuwa imeshaanza kutembea. Wapi kwanza? Selo za adhabu na selo za upweke. Ukichelewa nusu saa tu, aliyekuwa mle anaweza kuwa ameshahamishiwa bweni la kawaida, amepewa sabuni.

Mle kwenye selo ya upweke unaangalia kitabu. Kanuni za Mandela zinasema upweke ni kufungiwa saa 22 au zaidi kwa siku bila kukutana na watu kwa maana ya kweli, na ukipita siku 15 mfululizo unakuwa wa muda mrefu na umekatazwa kabisa. Kwa hiyo unahesabu siku. Na unaangalia mwandiko. Kama askari anatakiwa kumchungulia mtu kila baada ya nusu saa usiku kucha, na kitabu kinaonyesha saa 6:00, 6:30, 7:00, 7:30, hakuna 6:34 hata moja, kalamu moja, mkono mmoja, wino haujabadilika tangu jioni mpaka alfajiri, hapo pengine umekuta mtu aliyejaza ukurasa mzima kwa mkao mmoja. Kisha bonyeza kengele ya dharura ya ndani ya selo, kaa kimya, angalia saa yako. Dakika zitakazopita mpaka mtu aje ndo dakika ambazo mtu anayejinyonga angekuwa nazo.

Kitabu cha malalamiko kikiwa kitupu usifurahi. Watu mia kadhaa hawawezi kukaa sehemu moja miezi sita bila hata mmoja kulalamikia chakula. Kitupu maana yake ama hawajui kama kipo, ama wanakijua sana. Nenda kliniki uangalie rejesta ya majeraha. Ukikuta wiki moja watu watatu wa bweni moja wameandikwa wameteleza bafuni, nenda bafuni uangalie sakafu, alafu nenda uangalie zamu ilikuwa ya nani. Jikoni usionje tu, chukua idadi ya wafungwa ya asubuhi ile uliyoiomba ulinganishe na kilo zilizotoka stoo. Kwenye mabweni toa futi kamba. Kipimo cha wakaguzi wa Ulaya ni mita za mraba 6 kwa anayelala peke yake na 4 kwa kila mtu kwenye chumba cha watu wengi, choo hakihesabiwi, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2016 kwenye kesi ya Muršić dhidi ya Croatia ilisema ukishuka chini ya 3 kwenye chumba cha watu wengi, hapo mahakama inaanza na dhana nzito kwamba haki imevunjwa, na ni serikali ndo ijitetee. Mita za mraba 3 ni kama mlango wa kawaida uulaze chini mara mbili. Mtu anaishi hapo.

Na uongee na askari. Hili linasahaulika sana na mimi naliona ni kosa kubwa. Askari wa chini anajua kila kitu na mara nyingi yeye mwenyewe hali yake ni mbaya, zamu mbili mfululizo, peke yake usiku na bweni lililofurika, anaogopa wafungwa na anaogopa wakubwa. Ukimsikiliza kwa heshima anakwambia mambo ambayo mkuu wake hatakwambia kamwe. Na yeye pia akishakwambia anabaki mle ndani.

Ndo tunafika kwenye kuongea na wafungwa. Faragha maana yake nini? Askari kusimama mita tano haisaidii, maana anaona nani analia. Hatakiwi kusikia na hatakiwi kuona. Hata hivyo faragha ya chumba haitoshi, kwa sababu gereza zima linajua nani aliitwa na alikaa muda gani. Kwa hiyo wakaguzi wazoefu hawamwiti mtu mmoja. Wanaita wengi, wanakaa na kila mmoja muda unaokaribiana, pamoja na yule asiye na la kusema kabisa, mnaongea naye habari za familia yake dakika zile zile 20, ili aliyesema mazito asijitokeze kwenye kundi kama kidole kilichovimba. Uingereza wakaguzi wanatumia pia dodoso la siri kwa sampuli ya wafungwa waliochaguliwa bila mpangilio, majibu kwenye bahasha, ili baadaye ripoti iweze kusema asilimia fulani wamesema hawajisikii salama bila jina la mtu hata mmoja kutajwa. Na usichukue mwakilishi aliyeletwa na uongozi, yule nyapara anayeongea vizuri. Msikilize, ila asiwe yeye tu.

Nikisema mchezo wa kuficha upo nina mfano wenye tarehe. Mwaka 2009 aliyekuwa mkaguzi mkuu wa magereza wa England na Wales, Anne Owers, alifichua kwamba magereza mawili ya London, Wandsworth na Pentonville, yalikuwa yamebadilishana wafungwa. Wandsworth likapeleka watu Pentonville wakati wa ukaguzi wake, na Pentonville likapeleka watu Wandsworth wakati wa ukaguzi wake, kisha wakarudishwa. Walikuwa ni wale wagumu, wale wenye la kusema, na baadhi yao walikuwa kwenye hali mbaya kiasi cha kujidhuru wakati wanahamishwa kwa nguvu. Yaani mtu aliyekuwa anahitaji msaada kuliko wote alibebwa akapelekwa gereza lingine ili takwimu za siku chache zipendeze. Ziara hizo zilikuwa zimetangazwa mapema. Ukiwa na tarehe mkononi unaweza kupaka rangi ukuta, na kumbe unaweza kupaka rangi watu pia. Siku hizi huko ukaguzi wa kushtukiza ndo kawaida yao.

Mtu atauliza, ukaguzi wa kushtukiza si ndo dawa basi? Unasaidia, lakini hauzuii kinachotokea baada ya wewe kuondoka, na hicho ndo kigumu zaidi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kifungu cha 21 kinasema hakuna mtu atakayeadhibiwa kwa kukiambia chombo cha kitaifa habari yoyote, iwe ya kweli au ya uongo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishangaa, kwa nini ya uongo nayo ilindwe? Ukitafakari unaona. Ingelindwa ya kweli tu, atakayeamua siku hiyo hiyo kwamba uliyosema ni uongo ni yule yule uliyemsema.

Na kiongozi anatakiwa ajue lini aondoke. Oktoba 2017 ile kamati ndogo ya Umoja wa Mataifa ilisitisha ziara yake Rwanda ikiwa katikati, kwa sababu ya kuzuiwa baadhi ya sehemu, faragha ya mahojiano kuingiliwa, na hofu kwamba waliohojiwa wanaweza kulipiziwa. Usidhani ni nchi za aina fulani tu, maana Oktoba 2022 wamesitisha ziara Australia vile vile baada ya kunyimwa kuingia baadhi ya maeneo, na Februari 2023 wakaifuta kabisa. Kuondoka sio kususa. Ukiendelea kuhoji watu huku unajua hauwezi kuwalinda unawakusanyia adhabu kwa majina. Kuna kuondoka kwa aina nyingine pia. Desemba 1995 David Ramsbotham, jenerali mstaafu aliyekuwa ndo kwanza amekuwa mkaguzi mkuu England na Wales, aliingia gereza la wanawake la Holloway, akakuta uchafu na wadudu na wanawake wanaofungiwa muda mrefu kupita kiasi, akaichukua timu yake yote akatoka nayo kabla ukaguzi haujaisha. Nchi nzima ikajua. Naamini alikuwa sahihi, maana ripoti ya kawaida ingetoka baada ya miezi mingi na wale wanawake wangekuwa wameshazoea, ila hiyo ni silaha ya kutumia mara moja moja, ukiitumia kila mwaka inakuwa tabia yako, hakuna anayeshtuka.

Hapo tunaingia kwenye ubishi wa zamani wa siri na hadharani. Msalaba Mwekundu wanakaa kimya ili waruhusiwe kurudi, na kuna vita ambapo wao peke yao ndo waliofika kwa wafungwa kwa sababu ya ukimya huo. Kanuni ya 85 ya Mandela inataka lifikiriwe kwa uzito suala la kutangaza ripoti za ukaguzi wa nje, taarifa binafsi za wafungwa zikiondolewa labda wenyewe wakubali. Mimi kwa chombo cha kitaifa nasimama upande wa kutangaza, na mfano wangu ni gereza la Baumettes, Marseille, Ufaransa. Wakaguzi wa taifa waliingia Oktoba 2012 wakakuta panya, mende, maji yanavuja, uchafu kila sehemu. Mapema Desemba wakachapisha mapendekezo ya dharura kwenye gazeti la serikali. Wao hawana uwezo wa kuamuru chochote, lakini asasi ya kutetea wafungwa ikaichukua ripoti ile ikaenda nayo mahakamani, na tarehe 22 Desemba mahakama ya juu ya utawala ikaiamuru idara ya magereza kwamba ndani ya siku 10 iweke mpango wa kuangamiza panya na wadudu. Kuanzia kuchapishwa mpaka amri haikufika wiki tatu. Ripoti ya siri ingekuwa bado iko kwenye trei ya mtu.

Uingereza nao tangu mwishoni mwa 2017 wana utaratibu wa barua ya dharura, mkaguzi mkuu akikuta gereza limeharibika sana anamwandikia waziri, barua inatangazwa, na waziri ana siku 28 kujibu hadharani. Agosti 2018 barua ilihusu gereza la Birmingham lililokuwa linaendeshwa na kampuni binafsi, na serikali ikalichukua mikononi mwake. Ona ujanja ulipo, mkaguzi bado hana rungu, ila amempa waziri saa ya ukutani ambayo kila mtu anaiona.

Sasa ile ya pesa. Afrika Kusini wana Ofisi ya Jaji Mkaguzi wa magereza, iliyo kwenye sheria ya mwaka 1998, inaongozwa na jaji, ina wakaguzi wanaoingia magerezani kusikiliza malalamiko. Kwenye karatasi ni chombo kizuri sana. Tatizo bajeti yake ilikuwa inapitia idara ile ile ya magereza inayoikagua. Fikiria unataka kuandika kwamba idara inaua watu kwa uzembe na maombi yako ya mafuta ya gari yako mezani kwa idara hiyo hiyo. Kesi ikafika Mahakama ya Katiba, na Desemba 2020 mahakama ikasema uhuru wa ofisi hiyo hautoshi, ikalipatia bunge miezi 24 lirekebishe sheria hiyo. Brazil ilikuwa mbaya zaidi, mwaka 2019 amri ya rais iliwaondoa wataalamu wa chombo cha kuzuia mateso kwenye nafasi zao na kusema kazi hiyo ifanyike bila malipo, na mahakama kuu ikaja kuifuta amri hiyo mwaka 2022. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mkaguzi wa mahali fulani ni huru usisome jina la ofisi, uliza nani anamsainia bajeti, nani anamwajiri, nani anaweza kumtoa, na je watu wake wameazimwa kutoka magereza na wakimaliza wanarudi huko huko kupandishwa vyeo.

Pesa ina uhusiano gani na yule aliyeongea? Ina uhusiano wote. Kinachomlinda ni kurudi. Sheria imeandikwa, sawa, lakini mkuu wa gereza anapima jambo moja tu kichwani mwake, hawa watu watarudi au hawarudi? Kama bajeti ni ya ziara moja kwa miaka mitatu anajua jibu. Kama unaweza kutokea tena baada ya wiki mbili, usiku, bila taarifa, hesabu yake inabadilika.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka siku ya mwisho, kwenye kikao na uongozi, kiongozi wa timu anasema ya haraka hapo hapo, mgonjwa asiyepata dawa, selo isiyo na hewa, anayasema bila kutaja nani kamwambia, na anasema kwa sauti kwamba tutarudi. Msalaba Mwekundu walilijua hili mapema, ndo maana kati ya masharti yao wasiyoyaachia kuna kurudia ziara na kuandika majina ya wafungwa. Jina lililoandikwa mahali nje ya gereza ni vigumu kulipoteza.

Na siku ya kurudi hauanzi na ukuta wala jiko. Unatoa orodha yako kwenye mkoba, wale 40 mlioongea nao mara ile, wazito na wa habari za familia wote pamoja, unaomba kumwona kila mmoja. Huyu yupo, anatembea sawa. Huyu yupo. Huyu amehamishiwa gereza la mbali, unaomba barua ya uhamisho, unaangalia tarehe, siku 3 baada ya sisi kuondoka, unaandika. Huyu wanasema yuko mahakamani, sawa, tunamsubiri arudi. Unakaa pale benchi mpaka gari lirudi jioni, unahesabu wanaoshuka.